Mkono Uliovuka Lenta

Usiku wa jana niliota nimo kwenye mkutano wa wazazi, ndani ya darasa tulilolijenga wenyewe. Utaratibu wa huku kwetu unajulikana: wananchi wanapandisha kuta mpaka lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, halafu Serikali inapaua. Kuta zetu zilifika lenta Stamili wangu akiwa bado ananyonya. Sasa yuko darasa la tatu, anasomea humo humo, na juu yake ni mawingu.

Diwani wetu, Mheshimiwa Lupindo, anatupongeza kwa moyo wa kujitolea. Kwa kupongeza hana mpinzani. Mlangoni limesimama paa, bati jipya kabisa, limevaa tai, linapiga miayo.

Nikasimama, nikanyoosha mkono niulize litapanda lini, maana masika ndiyo haya.

Mkono ukavuka lenta, ukakatika. Haukuuma, wala damu haikutoka. Ukabaki unaelea kule juu.

"Mama Stamili," ukuta ukaniambia kwa upole, "cha mwananchi kikizidi hapa ni cha Serikali."

"Nilikuwa nauliza tu."

"Kuuliza si kosa. Ungeulizia chini ya lenta."

Maji ya kuukandia ukuta ule niliyabeba mimi kichwani, mimba ikiwa imeshaharibika mara moja kwa mizigo hiyo hiyo. Leo unanisemesha kama karani wa halmashauri. Hilo liliniuma kuliko mkono.

Lupindo akaufunga mkono wangu kwenye gazeti, kama mtu aliyenunua samaki. Mara hatupo tena shuleni, tupo kwenye kituo cha kura, na mkono umenitangulia kwenye foleni. Nikauita kwa jina langu. Haukugeuka. Ukampigia Lupindo, ukachovya kidole kwenye wino, ukapunga.

Nikalifuata paa, nikaliuliza kama sasa litapanda.

"Kijiji chenu kilimnyima kura," likasema, likirekebisha tai. "Nimeagizwa nisubiri mpaka mtubu."

"Mkono wangu umeshatubu."

"Ni mmoja. Wenzako bado wanayo yao."

Stamili akapita katikati yetu, ameinama mpaka kidevu kinagusa kifua. Nikamuuliza ana nini. Akajibu kwamba mwalimu amewakataza kurefuka, wasije wakaifikia lenta.

Nikalia. Paa likanikopesha leso, likanikumbusha niirudishe.

Niliamka mvua ikigonga bati letu. Mkono wa kulia ulikuwa na ganzi, nikashukuru kuuona upo. Stamili alikuwa tayari kwa shule, amejivika mfuko wa nailoni kichwani, madaftari ameyaficha tumboni chini ya sweta. Nikamwita nimfunge mfuko vizuri.

"Mama, kidole chako kimefanya nini?"

Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi kwa wino, mpaka kwenye mzizi wa ukucha. Nilikisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa chumvi. Hakikutoka.

Uchaguzi ni mwakani. Nikamfunga mwanangu mfuko kwa mkono huo huo, akaenda kunyeshewa.