Gurudumu la Zdenka

Mume wangu Irvin ana ugonjwa mmoja: ukimwambia unampenda, anakuuliza kama umezima jiko. Nimeishi naye hivyo hivyo tangu ujana wetu wala sijuti, maana mtu wa maneno matamu nilimzaa mwenyewe na mwisho wake nimeuona. Huyo ni Neil, mwanangu wa pekee. Kikulacho ki nguoni mwako. Alimwacha mkewe Zdenka akahamia Leeds kwa mwanamke anayeuza makabati ya jikoni, na siku alipokuja kutueleza aliniletea maua. Nikamwambia, peleka maua kwa uliyemwacha, mimi si mgonjwa.

Neil akaenda zake, Zdenka akabaki wetu. Ni Mcheki, kwao ni Zlín. Hapa bondeni anafanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti, lakini kwao alikuwa fundi mkereza wa chuma kama babake. Irvin naye alikereza chuma maisha yake yote, kwenye kiwanda kilichokuwa kule chini kando ya mfereji, mpaka kikafungwa. Siku alipomwona mkamwana wake ananoa kisu cha kerezo, ile mashine ya kuzungusha na kukatia chuma, kwa mkono, bila kifaa, aliingia jikoni akaniambia, "Thelma, yule mtoto ana mikono." Kwa Irvin Holroyd hiyo ni barua ya mapenzi.

Tangu hapo kila Jumamosi walikuwa wote kibandani nyuma ya nyumba. Ovaroli la Zdenka lilikuwa na msumari wake karibu na la Irvin. Walikuwa wanaunda injini ndogo ya mvuke, mchezo wa watu wazima, na mimi nikiwapelekea chai niliwakuta wanagombana kwa raha zao.

"Baba, hii inchi ni kidole cha nani hasa?"

"Cha mfalme."

"Mfalme amekufa. Milimita bado ipo hai."

"Kunywa chai yako."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kweli kidogo. Kerezo la Irvin ni la zamani kuliko mimi, nalo linajua inchi tu. Ukizungusha gurudumu lake la mkono, kila mstari uliochorwa pembeni ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Kichwa cha Zdenka kinahesabu kwa milimita. Kwa hiyo aliandika jedwali kwa penseli, akalibandika ukutani juu ya mashine, na kabla ya kukata chochote alilitazama, akahesabu, ndipo akazungusha. Hakuwahi kukosea.

Mpaka akakosea. Ilikuwa Jumamosi moja ya Februari. Irvin alimwachia apanue tundu la silinda, kile kipande kikuu cha injini, ambacho rafiki yake Clem alimmiminia kwa chuma kilichoyeyushwa kabla hajafa. Zdenka alitaka kuondoa sehemu ya kumi ya milimita. Akahesabu mistari kumi, kama alivyofanya kwao maelfu ya mara, akakata. Kumbe mistari kumi ya inchi ni mara mbili na nusu ya ile aliyoikusudia. Tundu likapwaya, na chuma kikishakatwa hakirudi.

Nilikuwa mlangoni na sinia. Irvin alikishika kile kipande muda mrefu, kisha akasema, "Mashine hii ni ya watu wa hapa. Kama hujui vipimo vya hapa, ungeuliza."

Jamani! Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Zdenka alitoa ovaroli msumarini, akalikunja vizuri, akalitia kwenye mfuko wake, akanishukuru kwa chai ambayo hakuinywa.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Kisha akapiga simu.

"Bi Thelma? Ni mimi, Zdenka."

Bi Thelma! Miaka yote ananiita Mama. Ilibidi nivute kiti.

"Talaka imekamilika," akasema. "Nyumba ya kupanga nimeshatoa notisi. Mwisho wa mwezi narudi kwetu. Nitapita Jumamosi kurudisha ufunguo wenu na kuaga. Nisalimie Mzee Holroyd."

"Mwanangu, hiyo karatasi ya talaka ilifika lini?"

"Asubuhi ile ile. Ile ya silinda."

Nilikwenda kibandani na aproni yangu, nikamwambia Irvin yote, tena kwa sauti ambayo jirani wa tatu aliisikia. Aliweka tupa chini.

"Sikujua," akasema.

"Ungejuaje, uliuliza? Si wewe bingwa wa kuuliza? Sasa anaondoka, na mimi sina mtoto mwingine, Irvin, unanisikia? Yule mwingine ni wa kunitumia kadi. Huyu ndiye anayekuja."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie samahani. Neno fupi, halikuumizi meno."

"Nitasema samahani, atasema si kitu. Halafu ataondoka vilevile."

Hapo alikuwa amesema kweli, na ukweli huo uliniudhi zaidi. Nikarudi ndani nikamenya viazi vingi kuliko tulivyohitaji.

Siku mbili alishinda na penseli. Siku ya tatu alikuja mezani na kipande cha karatasi kilichojaa tarakimu, akaniambia anataka kutengeneza gurudumu jipya la kerezo, lenye mistari ya milimita.

"Haya, tengeneza. Umekereza chuma miaka arobaini."

"Si rahisi. Skrubu ya mashine ni ya inchi, na skrubu siibadilishi. Ukizungusha mara moja, kisu kinasogea sehemu ya kumi ya inchi. Ili mtu asome milimita sawasawa, mzunguko huo lazima uwe na mistari mia moja ishirini na saba. Si zaidi, si pungufu."

"Gawa basi."

"Haigawanyiki, Thelma. Si kwa mbili, si kwa tatu, si kwa saba. Haigawanyiki kwa chochote. Sina gia hata moja yenye meno ya hesabu hiyo."

"Namba kaidi kama wewe," nikasema, lakini moyo wangu ulikuwa umeshaanza kulainika.

Alikula viazi viwili, akaacha uma hewani. Inchi kumi, akasema, ni milimita mia mbili hamsini na nne kamili. Nusu yake ni hiyo mia moja ishirini na saba. Mtu akipata utepe wa kupimia wa inchi kumi, akauzungusha kwenye kigurudumu cha mbao mpaka ncha zikutane, akaruka kila milimita ya pili, tayari amegawa. Nikakimbilia kikapu changu cha kushonea nikamletea futi yangu. Aliivuta, akanirudishia. "Ya kitambaa inavutika," akasema. "Inadanganya."

Kisha akafungua kabati la sebuleni.

Humo ndani mlikuwa na futi ya chuma, utepe mwembamba ndani ya kikasha cha shaba, inchi upande mmoja na milimita upande wa pili. Wenzake walimpa siku kiwanda kilipofungwa, na jina lake limechongwa juu. Upande wa milimita hakuwahi kuutumia. Mimi niliwahi kupimia mapazia nayo mara moja tu, akaninunia mpaka Jumatatu. Sasa aliuvuta utepe wote, akauweka mezani, akachukua mkasi wa bati, akakata inchi kumi kutoka katikati.

"Irvin!"

"Ni futi tu," akasema. Lakini kikasha chenye jina lake alikirudisha kabatini.

Nilimpenda pale pale, nasema wazi. Sikuuliza habari za jiko.

Kigurudumu cha mbao kilimtoa jasho. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, ncha za utepe zikaachana. Cha pili kilikuwa kidogo, zikapandana. Cha tatu alikipunguza kwa msasa, anapuliza vumbi, anajaribu, anapunguza tena, mpaka ncha zikakutana na ukucha wangu ukipita juu haukuhisi kitu. Akakifunga nyuma ya mashine, na mbele akabana lile gurudumu jipya la chuma ili vizunguke pamoja, jeupe, halina hata mstari. Kisha akavaa miwani, akaivua, akaipangusa, akaivaa tena.

"Sioni," akasema taratibu. "Milimita ni nyembamba mno."

"Ndiyo maana ulioa."

Mimi kabla ya kuolewa na baada yake nilikuwa mrekebishaji wa vitambaa kwenye kiwanda cha sufu. Kazi yangu ilikuwa kuona uzi mmoja uliokosekana kwenye kitambaa cheusi na kuurudisha kwa sindano, mnunuzi asijue. Nikatoa sindano yangu nzuri kuliko zote, Irvin akaifunga iwe mshale wa kuonyesha milimita, nikavuta stuli nikakaa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Yeye alizungusha kidogo kidogo, na mimi sindano ilipolalia mstari nikasema, "Simama." Akakata mstari mmoja kwenye chuma. "Sogea. Sogea. Nyuma kidogo, una haraka ya wapi? Simama." Akakata. Tuliendelea hivyo mchana kutwa, na chai ikapoa bila mtu kuisikitikia. Sidhani kama tumewahi kuzungumza vizuri namna ile.

Mstari wa mwisho ulipokatwa, alinipa kioo cha kukuzia. "Tafuta tulipomalizia. Nafasi ya mwisho ikiwa nyembamba, kazi imeharibika."

Nilizungusha lile gurudumu mara mbili nzima. "Sipaoni, Irvin. Zote zinafanana."

Akakaa juu ya debe, akafunika uso kwa kitambaa chake kichafu. Niliangalia mvua mpaka alipomaliza.

Kulikuwa na desturi kiwandani kwao: chombo ukikipiga muhuri wa herufi zako ni chako, na hata msimamizi hakigusi bila kukuomba. Jioni ile nilisikia nyundo kibandani, mapigo machache tu. Sikuuliza.

Jumamosi Zdenka akaja. Koti limefungwa vifungo vyote, ufunguo mkononi, macho mekundu, na keki ya mbegu za mpopi aliyooka mwenyewe, kana kwamba anatembelea wageni.

"Bi Thelma, sitakaa sana."

"Njoo uone kitu," Irvin akasema, akatangulia kwenda nyuma bila kugeuka. Uso ulikuwa umemwiva. Tukamfuata.

Zdenka aliliona kabla hajaonyeshwa. Aliweka kidole kwenye gurudumu, akalizungusha taratibu, midomo ikihesabu kwa Kicheki. Akasimama.

"Hamsini," akasema. "Mistari hamsini ni milimita moja."

"Ndiyo."

"Umeligawaje? Hii namba haigawanyiki."

"Muulize Thelma. Ni macho yake."

"Na gurudumu la inchi?"

Irvin akaonyesha ukutani. Gurudumu la zamani lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa ovaroli lake Zdenka.

"Sasa wewe utafanyaje kazi?"

"Nitahesabu. Jedwali lako nimeliacha hapo. Linasomeka kutoka pande zote mbili."

Zdenka aliinama, maana alikuwa ameziona herufi. Z.H., zimepigwa ndani ya ukingo. Akazipapasa kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, na sauti yake ikawa ndogo.

"H si yangu tena, Mzee. Karatasi imeshasema."

"Karatasi ni ya Neil na wewe," Irvin akasema. "Mimi sikutia sahihi. Thelma, wewe ulitia?"

"Nitie wapi? Hata kalamu sikuonyeshwa."

"Basi." Nilimwona anavyohangaika, kama mtu anayepandisha kabati ngazini peke yake. "Siku ile nilisema mashine ya watu wa hapa. Nilisema vibaya. Wewe ni wa hapa. Kama unakwenda kumwona mama yako, nenda, ni haki yako. Lakini hilo gurudumu ni lako, na mimi siligusi bila ruhusa yako. Ukikaa sana huko, hapa hakuna kazi."

Hayo ni maneno mengi kuliko aliyosema siku ya harusi yetu. Zdenka alisimama pale machozi yanamtiririka, hayafuti, na mimi nilikuwa nimeshika keki ya watu nalia juu yake.

Kisha Zdenka akajipangusa kwa mkono wa koti, akavuta kamasi.

"Baba," akasema, "ile silinda iko wapi?"

Irvin akachutama, akaitoa chini ya meza. Alikuwa ameifunga kwa kitambaa cha flana. Zdenka aliipeleka dirishani, akaichungulia kwenye mwanga.

"Ukuta bado mnene. Tunaweza kuitia bomba jembamba la shaba kwa ndani. Itapona."

"Nilifikiri hivyo."

"Kwa nini hukuniambia hilo siku ile?"

"Nilikuwa mjinga."

Akafungua vifungo vya koti, akalitundika kwenye ule msumari, juu ya gurudumu la inchi.

Zlín alikwenda, akakaa na mama yake mpaka Pasaka, akarudi. Sasa analala chumba cha Neil, ambacho nimekipaka rangi nyingine. Na siku za kazi, kabla Zdenka hajaondoka kwenda kiwandani, Irvin anakuja kusimama mlangoni mwa jikoni, kofia mkononi, mzee mzima.

"Zdenka, naomba gurudumu."

"La kazi gani, Baba?"

Naye anamweleza.