Homa ya Zizini

Mtaani walimwita Fundi Kesho, na mwenyewe hakulikataa jina, maana hakuna mteja aliyewahi kuchukua nguo siku aliyoahidiwa. Lakini mwaka ule utani ulianza kuwa mchungu. Fundi alikuwa akiketi kwenye cherehani asubuhi, akishona mkono mmoja wa shati, kisha anainamisha kichwa mezani na kulala papo hapo, jasho likimtoka hadi nguo inamganda mgongoni. Jasho lenyewe lilinuka kama majani yaliyolowa. Jioni homa ilipanda, alfajiri ikashuka. Mara nyingine ilitulia kabisa, na alipoanza kuwaambia watu kapona, ilirudi na mizigo yake yote.

Kwenye zahanati walimtibu malaria. Dawa zikaisha, homa ikabaki. Wakasema basi ni homa ya matumbo, kipimo kimeonyesha. Akameza tena, akapata nafuu, kisha akaanguka upya. Jirani yake mwenye duka alimshauri apunguze mawazo. Mama yake mzazi alisema wazi kwamba mwanamume anayetunzwa na mkewe hachoki namna hiyo.

Neno hilo lilimuuma mke, kwa sababu hakuna aliyehangaika kuliko yeye. Alikuwa na mbuzi wa maziwa kwenye zizi la mabati nyuma ya nyumba, aliowapata kwa jasho lake mwenyewe, na kila jioni alimkamulia mumewe kikombe na kumpa kikiwa bado na uvuguvugu wa kiwele. Hakuyachemsha. Aliamini moto unaua nguvu ya maziwa, na mgonjwa ana haja gani na maziwa yaliyokufa? Mabinti zao wawili hawakuyagusa, walisema yananuka beberu, hivyo yaliyobaki aliyanywa mwenyewe.

Mtoto wa tatu hakufika. Mimba ilitoka mwaka uliotangulia, ikiwa imeshaanza kucheza. Mama mkwe alisema mbele ya wageni kwamba mwanamke anayebeba ndoo na majani ya mbuzi kama punda atarajie nini. Fundi hakumtetea mkewe, na tangu siku ile wawili hao walizungumza habari za watoto, chumvi na maji, basi.

Mgongo ndio uliompeleka fundi hospitali kubwa. Asubuhi moja alitaka kuinuka kitandani akashindwa kunyooka, na mke akamkokota hadi barabarani akiwa amejikunja kama ndoana.

Daktari aliyewapokea alikuwa mama wa makamo, macho mekundu kwa zamu ndefu, lakini aliuliza maswali ambayo hawakuwahi kuulizwa. Alitaka kujua kazi, safari, chakula, halafu mifugo. Fundi akasema wapo mbuzi wa mkewe. Daktari akauliza kama ni wazima. Mke akaeleza kwamba mmoja alitupa mimba kabla ya mvua, na mwingine akafuata.

"Nani aliwasaidia?"

"Mimi," alisema fundi. "Ndama wa mbuzi, sijui niseme nini, kale katoto kalikwama. Nilikavuta kwa mikono."

Daktari akaomba aione mikono ile. Vidole vilikuwa na vitobo vya sindano, vingine vibichi. Akaviachia taratibu, akawaeleza kwamba kuna bakteria wanaokaa kwenye matumbo ya uzazi na viwele vya wanyama. Mtu huwapata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kondo na damu akiwa na michubuko. Wakishaingia hujificha ndani ya chembe za mwili na kwenye mifupa, wakitoka na kurudi, ndiyo maana homa yake hufananishwa na kila homa, na hata vipimo vya haraka huweza kudanganya. Ugonjwa unaitwa bruselosi. Angechukua damu ya wote wawili, maabara wawaoteshe wadudu waliomo hadi waonekane, na wangesubiri, kwa kuwa wadudu hao huota polepole mno. Kisha akapiga simu maabara kuwaonya wasifungue chupa hizo mezani ovyo. Mwenzao mmoja aliwahi kuugua kwa kuvuta tu hewa ya chupa kama hizo.

Walisubiri. Mke aliendelea kukamua na kumwaga. Mbuzi walimtazama, naye hakuwatazama.

Walipoitwa tena, daktari hakuzunguka. Wadudu wameota kwenye damu ya fundi, na ya mke pia.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemnywesha," mke alisema.

"Ulimnywesha maziwa, mama. Ugonjwa hukuujua."

Mke akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimba yangu?"

Daktari akavuta kiti karibu naye. "Huu ugonjwa huweza kutoa mimba hata kwa binadamu. Kama ndio uliotoa yako, siwezi kukuapia."

"Niliambiwa ni ndoo."

Daktari akauliza nani alimwambia. Fundi aliitazama sakafu, na aibu ikamchoma kuliko mgongo.

Afisa mifugo aliyearifiwa na daktari alikuja na glavu ndefu na barakoa, akawapima mbuzi wote. Wenye ugonjwa walichinjwa na kufukiwa kwa chokaa, na hao walikuwa karibu wote. Fundi alitaka kusaidia kuchimba lakini nguvu hazikuwepo. Mke alifagia zizi akiwa amejifunga kitambaa puani, akarudi ndani, akalala bila kula.

Jumapili mama alikuja kumjulia hali mwanawe, akaanza na yale yale ya wanawake wa siku hizi. Fundi alijiinua kwa kushika ukuta.

"Mama, mimba ile usimtajie tena mke wangu. Yawezekana ulikuwa ugonjwa huu huu. Na kama haukuwa, bado si neno la kusema. Mimi nilipaswa kukwambia siku ile."

Mama alikunja na kukunjua upindo wa kanga. Mwishowe akasema, kama mtu anayejisemea, "Hata mimi nilikuwa nakunywa hayo maziwa kila nikija. Na haya magoti yangu..."

Mke alikuwa mlangoni, amesikia yote. 

"Keshokutwa narudi kliniki," alisema. "Tutafuatana ukapimwe, mama."

Wakafuatana kweli, wakitembea polepole, mmoja kwa uchovu, mwingine kwa umri. Mama hakuwa na kitu, ni magoti tu ya uzee, akarudi akilalamikia sindano njia nzima. Fundi na mkewe walimeza dawa wiki sita, mkojo ukiwa na rangi ya chungwa, tumbo likichafuka, bila kuruka hata siku moja. Homa ikaondoka. Mgongo wa fundi ulibaki mgumu, naye alishona asubuhi, mchana akajilaza, na mke akikaa pembeni yake kupiga pindo na kukata nyuzi. Siku moja fundi alimuuliza yule mtoto ambaye hakufika wangempa jina la nani. Mke akaweka mkasi chini, wakalizungumza jambo hilo hadi mabinti waliporudi kutoka shule.