Samansi ya Ubatizo

Refugio alikichoka Kiingereza kabla hata hajakijua. Alitafuta neno moja tu la kualika. Kamusi ikampangia manne kwenye mstari mmoja, bila kumwambia lipi la wapi. Akachagua lililosikika zito, maana mgeni mwenyewe alikuwa mzito: Hilary, mama mzazi wa mkwewe Tamsin, aliyetakiwa atoke Uingereza aje Atlixco, Meksiko, kuwa mama wa ubatizo wa mjukuu wao, Amparo. Asipokuja, Tamsin angempeleka mtoto akabatizwe hukohuko, na Refugio alihofu kwamba wakishafika hawatarudi.

Siku ya nne baada ya kuutuma mwaliko, Tamsin aliingia jikoni na simu mkononi, uso umemwiva.

"Mama, umemwandikia nini mama yangu?"

"Nimemwalika. Tena kwa heshima zote."

"Umempelekea samansi! Neno hilo ni la mahakamani. Anauliza ana kosa gani."

"Kosa gani tena, jamani? Si hili hapa kwenye kamusi, limekaa na wenzake?"

"Limekaa nao, lakini si ndugu."

Refugio akaisukuma kamusi kwa hasira, nusura itumbukie kwenye pilipili alizoloweka za kupikia mchuzi wa mole. Watu gani hawa, wana neno la kumkaribisha jirani, jingine la kumtoa mchumba matembezi, jingine la kumburuta mtu kortini, halafu wanayapanga pamoja kama sahani?

"Mpigie. Nitasema naye mwenyewe."

Akasema, Tamsin akatafsiri. Aliomba radhi mara tatu, akaitaja siku ya ubatizo, akamtajia hata chumba atakacholala. Hilary alicheka kwa adabu, akazungumzia mvua ya kwao, kisha akamalizia: lazima Refugio aende kuwatembelea siku moja. Simu ikakatika.

"Umesikia? Lazima, amesema! Muulize tarehe, nitakwenda kumchukua nije naye."

Tamsin akainamisha uso. "Huo si mwaliko, mama. Kwetu ndivyo mtu anavyoaga."

"Kwa hiyo haji?"

"Haji. Itabidi twende sisi. Eleazar ameshakubali."

Mwanawe mwenyewe, mume wa Tamsin, amekubali, na yeye Refugio hakuambiwa. Refugio alishika ukingo wa meza.

"Basi nialikeni mimi," akasema. "Kwa neno lolote lile."