Milango Minane

Kacha. Kacha. Hakujapambazuka bado, na mle gizani kitasa kilikuwa kikifungwa na kufunguliwa. Herieth hakuhitaji kuwasha taa kujua ni nani. Binti yake Jacinta, wa miaka mitano, alikuwa amelala nacho tena. Kilikuwa kitasa cha mlango wa mbele wa nyumba ambayo mtoto mwenyewe hajapata kuiona.

Nyumba ilikuwa mali ya manispaa ya kwao, imekaa tupu miaka kumi na moja mpaka popo wakawa ndio wenyeji. Ilipotangazwa kuuzwa kwa zabuni, watu waliicheka. Herieth aliona kuta nene, paa zima, na vyumba vinne vya kupangisha wauguzi wa hospitali ya jirani. Na kwa kuwa masomo ya jioni yalimfundisha kusoma mkataba hadi nukta ya mwisho, alikiona pia kifungu cha saba: Septemba ikiisha nyumba haina milango, inarudi manispaa, na alicholipa kimekwenda.

Milango minane ilikuwa imeshachongwa kwenye karakana nje ya Guangzhou, mji walioishi. Kontena la kuipeleka kwao lilikuwa linafungwa leo kwenda bandari ya Huangpu. Linalofuata lingefika Oktoba. Na Herieth hakuweza kutoka. Pasipoti yake ilikuwa ofisi ya uhamiaji, inasubiri viza ya kuondokea nchini, na mwaka ule wa 2009 polisi walikagua pasipoti mpaka kwenye ngazi za Tianxiu, jengo walilokaa. Jirani yao mmoja alitoka kununua sukari, akalala mahabusu.

Kulipokucha akagonga mlango wa pili. Safia, Mzanzibari anayesafirisha vifaa vya kuchezea kutoka soko la Yide Lu, alifungua na mswaki mdomoni. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kontena limejaa, shoga. Najua kwa sababu nimelijaza mie."

"Nilitaka tu ukamwombe wakala wa mizigo anitafutie nafasi, da Safia."

"Wakala hana huruma, ana futi za ujazo." Akasuuza kinywa. "Nipe risiti ya milango. Na kitasa. Yule laobani wa karakana si bosi wa kubembelezwa, hatoboi tundu mpaka akione kwa macho yake."

Jacinta alikificha kifuani. Herieth akachuchumaa, akachomoa ufunguo mmoja kati ya funguo tatu za kitasa, akautia uzi.

"Kitasa kinatangulia na meli, mama. Huu ubaki kwako. Ukiupoteza tutalala nje."

Mtoto alifikiri kidogo, akakitoa.

Siku nzima Herieth alikaa nyuma ya pazia. Alifua nguo zilizokuwa safi. Viatu vikipita koridoni, yeye na Jacinta walinyamaza mpaka vipite. Mchana simu iliita mara moja. "Tundu limetobolewa," Safia akasema, akakata.

Magharibi Safia alirudi, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye mtandio.

"Imo yote minane. Wa mbele umelala juu."

"Nafasi umeipata wapi?"

"Wanasesere mia sita wameshuka. Wako stoo, wananikodolea macho kama nimewatoa harusini."

"Da Safia, ile si bidhaa yako ya Idi?"

"Watacheza Idi Kubwa. Mwanasesere haozi."

Masomo ya jioni yalimfunza Herieth kuandika barua za maombi, za malalamiko, hata za kuacha kazi. Kwenye shukrani ya namna hii hawakufika. Akaishika ile mikono yenye vumbi, akaiweka kwenye paji la uso wake, na hakuiachia upesi.

"Usinilize, sijala bado," Safia akasema. "Nikija kwenu silali gesti, unajua? Chumba changu kiwepo. Ila nakujua wewe, nitagonga na mwenyewe uko sokoni. Nani atanifungulia?"

Jacinta alikuwa amekaa juu ya begi la safari, uzi shingoni.

"Ufunguo ninao mimi," alisema.