Muthokoi Bila Magadi

Uso wake hauonekani kwenye video. Ni mikono tu, sufuria na mwiko, na sauti inayosema, "Karibuni tena jikoni, wanangu." Wanaomfuata ni watu elfu arobaini na tatu. Wote anawaita wanangu. Mimi nimo humo kwa jina la uongo.

Mikono ile ni ya mama yangu. Niliitambua kwa kovu la mafuta ya mandazi. Aliondoka miaka miwili iliyopita, akaenda kuishi na mtu mwingine Kitengela, na Baba akasema jina lake lisitajwe tena katika nyumba hii. Halijatajwa. Wakati huo nilikuwa sijui hata kuchemsha chai isimwagike. Kila ninachopika leo nimefunzwa na simu, sauti ikiwa chini, mlango wa jikoni ukiwa umefungwa. Baba nilimwambia mwalimu wangu ni jirani yetu, Aluoch. Akijua ukweli, simu itakwenda, na mikono ile itakwenda nayo.

Jumatano Mama aliweka video ya ndengu, kisha akaweka ya muthokoi, chakula cha watu wa Machakos. Ningeiacha. Sikuiacha, wala sikuwa na hamu nayo. Nilinunua mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharagwe, nikafuata kila alichosema, hadi ncha ya kijiko ya magadi.

Aluoch aliingia kurudisha chungio, akafunua sufuria.

"Niaje Nthoki. Hii nayo ni nini?"

"Muthokoi."

"Ngai! Na si ulimwambia buda yako mimi ndio nakufunza? Mjaluo na muthokoi ni wapi na wapi? Si ungepika hata omena zetu za ziwani, tuponee!"

"Ushaiva."

"Na hata hushtuki. Haya, akiniuliza nitasema nilizaliwa Machakos." Akacheka peke yake, akaenda.

Baba alifika saa moja, akatundika funguo za lori kwenye msumari, akanawa. Nilimpakulia. Alikula vijiko vitatu. Nilitazama kitambaa cha meza. Kina maua kumi na mawili.

"Aluoch amekufunza muthokoi?"

"Ndiyo, Baba."

"Aluoch huyu wa Siaya?"

Nilidhani nitaogopa. Niliingoja hofu ije, haikuja. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni, ina joto kidogo.

"Umeweka magadi," akasema.

"Kidogo."

"Magadi ni ya video. Anawarahisishia wale watu wake, hawana subira. Hapa nyumbani hakuwahi kuweka. Alikuwa analoweka kutoka asubuhi."

Alisema hivyo akitazama sahani, kwa sauti ile ile anayotumia kuelezea foleni ya barabarani. Jina hakulitaja. Kisha akavuta sufuria, akajiongezea, akaendelea kula. Mimi pia nikala. Muthokoi ulikuwa laini kupita kiasi. Ni kweli, haukuwa wa kwetu.

"Nisiweke tena?"

"Usiweke."

Alimaliza, akasukuma sahani katikati ya meza, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Na ile ndengu ya Jumatano," akasema, "mbona hujapika?"

"Nitapika kesho, Baba."

Nikaondoa vyombo. Nikachota vikombe viwili vya ndengu, nikazichagua mawe, nikaziloweka.