Mgeni wa Bima na Ufa wa Evelina

Ufa ulianza chumbani kwa Evelina, nyuma ya kabati, mwembamba kama uzi wa cherehani. Evelina akausonya, akalisogeza kabati liuzibe, akarudi kushona. Masika yalipokolea, ufa nao ukaona kumbe hapa hakuna mwenyewe. Ukapanda ukutani, ukazunguka dirisha, ukatokea nje ukiwa umenenepa hasa. Mjusi alikuwa anaingia humo anatembea, hajibani hata kidogo.

Na ufa huo ulikuwa mtoto tu. Mama yake alikuwa juu, kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Ardhi ilikuwa imepasuka kutoka migombani hadi kwenye mparachichi, mdomo wazi, ukitumbukiza mguu unaingia mpaka gotini. Kijijini Mgwashi nyumba zimekaa kwenye viwanja vilivyochongwa mlimani kama viti. Sasa mlima wenyewe ukiamua kukuegemea, utauambia nini? Sogea kidogo?

Ila Evelina alikuwa na kitu ambacho jirani zake hawakuwa nacho: bima. Wala si ujanja wake. Benki iliyomkopesha hela ya kumalizia paa ilimwambia hakuna bima, hakuna mabati. Basi ufa ulipozidi, akapanda gari mpaka Lushoto mjini, kwenye ofisi yao ya bima. Binti wa mapokezi hakumzungusha.

"Mama, nyumba ikipasuka kwa sababu msingi umezama wenyewe, hatulipi. Mlima ukitembea, yaani maporomoko, tunalipa, ujenge kwingine. Mkaguzi atakuja Alhamisi kutoka Tanga. Usiguse kitu."

"Na ule ufa wa kule juu?"

"Huo ndio wenyewe! Huo ndio utaonyesha kwamba mlima umetembea. Hata jani usitoe."

Evelina akarudi moyo mweupe. Karibu na kwake akakutana na jirani yake Mzee Amiri, mtu wa kabichi na maneno mengi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona unacheka na barabara?"

"Alhamisi nina mgeni kutoka Tanga. Anakuja kuangalia nyumba."

Akaishia hapo. Ile ya usiguse kitu hakuisema. Ya nini? Nani ataacha kabichi zake aende kugusa ufa wa mwenzake?

Jumatano akashinda Bumbuli, alikopeleka sare za kwaya alizoshona. Wakati wa kurudi, alisikia nyimbo kabla hajaiona nyumba. Msaragambo! Watu wa usharika na watu wa msikiti, wote wamejaa kwake na majembe na ndoo, kazi ya pamoja, wanaimba. Ukuta umeshazibwa, umepigwa chokaa mpaka unaumiza macho. Kule juu wanaume wanashindilia mawe na udongo kwenye ufa, na nyuma yao jirani yake Mwanahamisi na wenzake wanapanda majani ya tembo, mistari imenyooka kama kitambaa cha madrafti.

"Acheni!" sauti ilimtoka ndogo. "Jamani, acheni kwanza!"

"Aa, umetuwahi!" Mzee Amiri akamjia, udongo mpaka kwenye kofia. "Tulitaka ukute tumemaliza. Mgeni atoke Tanga kote huko, akute nyumba imeachama? Si atasema Mgwashi hakuna watu?"

"Mzee, ofisini walisema ufa ubaki."

"Ubaki wa nini? Wanataka kuuoa?"

Watu wakacheka, majembe yakaendelea. Evelina akamwona Yudith, mwenye mgongo mbovu, anapandisha ndoo ya udongo kichwani huku anamtabasamia. Sasa mtu kama huyo unamwambia nini? Rudisha ufa? Na anayekataa msaragambo, siku ya msiba jeneza lake litabebwa na nani, na kampuni ya bima? Akaingia jikoni kuwainjikia viazi.

Alhamisi mkaguzi akafika na pikipiki, kijana mmoja mpole anaitwa Zuberi.

"Shikamoo mama. Kumbe nyumba yenyewe nzuri kuliko ya kwangu!"

Evelina akachukua mkasi wa kushonea, akakwangua chokaa mpaka ufa ukachungulia.

"Nauona," Zuberi akasema. "Ila huu unaweza kuwa wa msingi tu. Wa ardhini uko wapi?"

Wakapanda. Majani ya tembo yamesimama, mabichi, mazuri. Evelina akashika jembe, akachimba, jasho linamwingia machoni. Kila akichimba anatoa mawe na udongo, mawe na udongo.

"Ulikuwa hapa! Mguu mzima unaingia!"

"Ulipiga picha?"

Akachomoa kitochi chake kifuani, akamwonyesha. Kilikuwa kinajua kupiga simu na kuwaka taa.

Zuberi akajifuta uso. "Nakuamini mama, wallahi. Lakini naandika ninachokiona, na hapa naona shimo la jembe."

"Basi subiri. Mvua ikipiga utapasuka tena."

"Ukipasuka, mtupigie."

"Nani apige? Mimi nikiwa chini yake?"

Zuberi akatazama viatu vyake. Evelina akamfungia maparachichi kwenye mfuko, maana mgeni haondoki mikono mitupu, na pikipiki ikateremka.

Haikuchukua muda, jirani wakajaa uani.

"Mgeni kasemaje?"

Evelina akawatazama wote wale, kucha zao bado zina udongo wa jana.

"Kasema nyumba nzuri kuliko ya kwake."

Mwanahamisi akapiga vigelegele. Mzee Amiri akachekelea mpaka akakohoa, kisha akainua macho kule juu.

"Loo! Nani katoboa majani yetu?"

"Ni mimi, mzee."

"Ah, usijali mwanangu. Kesho asubuhi tunakuja kupaziba, mvua isipate pa kuingilia."

"Haya," Evelina akasema. "Asanteni sana."

Akaenda stoo kuangalia kama viazi vya kuwapikia bado vipo.