Kona ya Duka la Mbao

Kaka yangu alimleta mnunuzi wa vyuma chakavu bila kuniuliza, nami nikamfukuza bila kumuuliza. Pikipiki ya marehemu baba ilikuwa imekaa stoo mwaka mzima, kuku wakitagia kwenye kiti.

"Kizuri chajiuza," kaka alisema. "Hicho chuma hata bure hakichukuliwi."

"Ya kale dhahabu."

"Basi iwashe. Ikifika barabara kuu na kurudi, ni yako. Isipofika, inauzwa kwa kilo."

Mimi ni fundi wa pampu za maji, chuma hakinitishi. Niliosha kabureta, nikabadilisha plagi, nikaifuta mpaka wekundu wa tangi ukatokea. Ndipo nikaiona. Mtaa mzima uliiita mkweche, kumbe Waitaliano walioiunda walijua walichokitaka: silinda moja tu, imelala ikitazama mbele, na gurudumu zito la injini likizunguka nje, waziwazi, bila aibu. Nilipoipiga teke la tatu iliitika taratibu, kila mpigo ukimsubiri mwenzake. Niliipenda papo hapo. Sikutaka iondoke kwetu.

Nikafika barabara kuu, nikageuza. Kwenye kona ya duka la mbao ikazimika. Mteremko ukanibeba kimya mpaka nyumbani.

Lango lilikuwa wazi. Mama alisimama katikati, amejitanda mtandio mpya, uso umechangamka kama wa bibi harusi. Aliponitambua, ukamshuka.

"Kumbe wewe, mwanangu."

"Ulimtarajia nani, Mama?"

"Baba yako alikuwa anaizima pale konani, asiwaamshe mlipokuwa wadogo. Nikisikia imenyamaza, nafungua."

"Mimi sikuizima, Mama."

Kaka akacheka, akasema ni mafuta yamekwisha. Tulipofungua tangi, lilikuwa nusu. Akaiwasha, akaipanda mwenyewe; breki yake iko mguu wa kushoto, naye akaikanyaga akidhani ni gia, nusura aruke juu ya usukani. Ningemcheka wiki nzima. Lakini aliporudi nilikuwa langoni na Mama, na mlio ukakatika palepale konani. Mama akanishika mkono, vidole vyake baridi. Kaka akaja akiteleza bila sauti, midomo imemkauka, akaiegemeza ukutani na kuingia ndani.

"Iuzeni," Mama akasema.

"Imerudi, Mama. Ni yangu. Nitaitengeneza isizimike tena."

"Hujanielewa. Tangu tumzike sijatia komeo hapa. Leo nimemfungulia mara mbili. Akija ya tatu sitamngoja aingie. Nitapanda nyuma yake, twende."

Nilimtazama usoni. Hakuwa anatania, na mimi niliogopa kuliko nilivyoogopa siku baba alipokata roho.

Asubuhi nikampigia simu yule niliyemfukuza. Alipoikagua kama gunia la mkaa nilitaka kumzaba kofi, lakini nikamsaidia kuisukuma hadi nje. Mama aliitazama mpaka ikapita kona. Kisha akarudisha lango, akatia komeo, akaketi chini na kuanza kulia, kilio ambacho makaburini hatukukisikia.